Mwalimu Goso na Sisi Watu Wazima

Wiki mbili zilizopita, usiku kabla ya kulala, binti yangu wa miaka saba alinisimamisha katikati ya hadithi. Nilikuwa namsomea kisa cha Mwalimu Goso, ambacho watu wengi waliokulia kwenye hadithi za pwani wamewahi kukisikia kwa namna moja au nyingine. Goso anawasomesha watoto chini ya mbuyu. Jioni moja ameketi pale pale akitayarisha masomo ya kesho, Paa anapanda mtini kimyakimya ili aibe matunda, buyu linachomoka, linamwangukia mwalimu kichwani, naye anakufa. Wanafunzi wanamkuta hivyo, wanamlilia na kumzika, kisha wanaazimia kumtafuta aliyeliangusha buyu. Wanashauriana, wanaafikiana kwamba ni upepo wa Kusi, wanamkamata Kusi na kumpiga. Kusi analalamika na kuuliza kosa lake. Hapo binti yangu akaweka kiganja juu ya ukurasa ili nisifungue mwingine, akaniuliza, "Baba, mbona wamempiga kabla hawajamuuliza?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Kisa hiki nilikisoma nikiwa darasa la tatu, nikakisikia tena kwa bibi yangu mzaa mama, na nimekisimulia mwenyewe mara nyingi mbele za watoto wa ndugu zangu, lakini swali hilo halikuwahi kunijia. Kilichonikaa kichwani miaka yote ni ule mlolongo mtamu wa majina na raha ya kukumbuka nani anamfuata nani. Mtoto aliyekuwa akikisikia kwa mara ya kwanza alikiona kitu ambacho mimi nilikuwa nimepita juu yake mara ishirini bila kukikanyaga.

Tangu usiku ule nimekuwa nikivirudia vitabu vya watoto vilivyomo nyumbani mwetu, na nimefikia hoja ambayo nataka kuitetea hapa. Mtu mzima akitaka kupata funzo la maisha katika kitabu cha watoto, kwanza aache kulitafuta mahali alipozoeshwa kulitafuta. Sote tulipita kwenye lile swali la mwisho wa ukurasa, "Hadithi hii inatufundisha nini?", na sote tulilijibu kwa pamoja, kwa sauti moja, mikono imefungwa kifuani: tusiwe wachoyo, tuwatii wazazi, mkaidi hafaidi. Jibu lilipatikana kabla ya kufikiri, na mwalimu aliweka alama ya vema. Tukakua na tabia hiyo hiyo, tukawa wazazi ambao humaliza kumsomea mtoto kwa kumwuliza amejifunza nini, huku sisi wenyewe tukiwa hatujajiuliza lolote. Funzo lililo zito halikai mwishoni mwa hadithi. Limo katikati yake, ndani ya tendo ambalo msimulizi amelitaja kwa sentensi moja na hakulitolea maelezo.

Tumrudie Goso, kwa maana kisa chake kina mengi kuliko urefu wake. Kusi anajitetea kwamba kama angekuwa na nguvu hizo asingezuiwa na kiambaza, yaani ukuta wa udongo. Wanafunzi wanakwenda kwa kiambaza, wanakipiga, nacho kinasema kwamba kama kingekuwa na nguvu kisingetobolewa na panya. Panya naye anamtaja paka anayemla, paka anaitaja kamba inayomfunga, kamba inakitaja kisu, kisu kinautaja moto, moto unayataja maji, maji yanamtaja ng'ombe anayeyanywa, ng'ombe anamtaja inzi anayemsumbua, na inzi anamtaja Paa. Kila mmoja anapigwa kwanza. Kila mmoja anasema maneno yale yale kwa kubadilisha jina la aliye juu yake. Wanafunzi wanapomfikia Paa wanampiga kama walivyowapiga wengine, lakini Paa hasemi kitu, na kwa sababu hasemi kitu wanaamua kwamba ndiye, wanamwua.

Msomaji anajua tangu mwanzo kwamba ni Paa kweli. Hapo ndipo kisa kinapomtega mtu mzima. Kama wanafunzi wangemwua asiye na hatia, tungesikitika na kufunga kitabu tukiwa tumejiweka upande wa haki. Lakini wao wamempata mwenyewe hasa, na tunaridhika, na katika kuridhika kwetu tunawasahau kumi waliopigwa njiani bila kosa. Tunasahau pia kwamba Paa hakukusudia kuua, kwamba alikuwa mwizi wa matunda aliyetingisha tawi, na kwamba kunyamaza kwake kungeweza kuwa hofu tu. Njia mbovu imefika mahali sahihi kwa bahati, na kwa kuwa imefika, hakuna atakayeihoji. Wanafunzi wale watakuwa watu wazima wanaoamini kwamba kumpiga mtu ni namna ya kumwuliza.

Sidhani kama kuna anayeishi katika miji yetu ambaye hajawahi kulisikia neno "mwizi!" likipigiwa kelele sokoni au kwenye kituo cha daladala, akaona jinsi watu waliokuwa wakinunua nyanya dakika moja iliyopita wanavyookota mawe bila kujua nani ameibiwa nini. Wengine humaliza jioni yao wakisimulia kwamba alikuwa mwizi kweli, simu ilikutwa mfukoni mwake, na hoja hiyo huwatosha. Siku hizi jambo lenyewe halihitaji hata mawe, kwa sababu picha ya mtu husambazwa kwenye makundi ya simu na maneno mawili chini yake, "huyu ndiye", na watu mia tatu waliokaa sebuleni kwao humshambulia kabla jioni haijaisha. Kwa kipimo cha kisa hiki, hata pale tunapokuwa tumempata mwenyewe bado hatujaulizwa swali gumu, nalo ni hili: wale kumi wa kabla yake, nani aliwaomba radhi?

Kisa hicho hicho kina upande mwingine, ambao umenigusa kwa sababu zangu. Mwaka juzi nilihangaika miezi minne kufuatilia hati ya kiwanja alichoacha marehemu baba yangu, katika ofisi ambayo sina haja ya kuitaja. Katika dirisha la kwanza niliambiwa faili limepelekwa kwa mpimaji, mpimaji akasema anasubiri sahihi ya mkuu wake, mkuu akasema mtandao unasumbua, na mtu wa mtandao akasema tatizo liko makao makuu. Hakuna hata mmoja aliyesema uongo. Kila mmoja alikuwa na kiambaza chake. Nilipomsomea binti yangu yale maneno ya Kusi, ya kiambaza na ya panya, niliisikia sauti ya watumishi wale, na kwa haki ninapaswa kusema niliisikia na yangu pia, kwa sababu nami kazini nimewahi kumjibu mtu kwamba jambo lake haliko mikononi mwangu wakati lingeweza kuwa mikononi mwangu kama ningelinyoshea mkono. Kila kiumbe katika mlolongo ule kinayo nguvu fulani, na ndiyo maana kimetajwa na aliyetangulia. Kinapoulizwa, hata hivyo, kinautaja udhaifu wake tu.

Visa hivi havikuzaliwa vitabuni. Edward Steere, mmisionari Mwingereza ambaye baadaye alikuwa askofu wa Unguja, alivikusanya kwa wasimulizi wa Unguja na kuvichapisha London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Waliomsimulia walikuwa watu wazima, na hadithi walizomsimulia zilikuwa za baraza na za usiku, za watu wazima na watoto waliokaa mkeka mmoja. Baadaye zikaingia kwenye vitabu vya shule, zikachorewa picha, zikafupishwa, na taratibu tukaanza kuamini kwamba ni mali ya watoto peke yao. Kwa hiyo nikisema kwamba mtu mzima ana la kujifunza humo, simtaki ajishushe, kwa kuwa ninamrudisha kwenye mkeka aliouacha.

Katika mkusanyiko huo huo kuna kisa kinachojulikana kwa jina la Sultani Darai, na kama ningeambiwa nichague kimoja tu cha kumsomea mtu wa umri wangu, ningechagua hicho. Kinaanza na maskini anayepekua jaani akiokota punje za mtama ili apate kula. Siku moja anaokota themuni, sarafu ndogo ya zamani, humo jaani, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Watu wanamcheka, kwa sababu hana cha kujilisha mwenyewe na sasa amejiongezea kinywa. Wanalala pamoja, wanakula mtama pamoja. Kisha paa anaanza kusema. Anaomba ruhusa ya kwenda kujitafutia malisho, anaokota almasi chini ya mti, anaipeleka kwa sultani wa mbali kama zawadi ya posa kutoka kwa bwana wake, ambaye anamwita Sultani Darai. Anamwozesha yule maskini binti wa sultani. Anakwenda katika mji mwingine, anamwua nyoka mwenye vichwa saba aliyekuwa akiumiliki, na nyumba kubwa ya nyoka yule inakuwa ya bwana wake. Yote haya anayafanya paa, na yule mtu hajafanya lolote ila kukubali.

Kisha paa anaugua. Analala chini, na kizee cha nyumba kinapanda ngazi kumwambia bwana kwamba paa anaumwa, mwili mzima unamuuma. Bwana anajibu apikiwe uji wa mtama wa hali ya chini. Mkewe anashtuka na kumkumbusha kwamba huyu ndiye aliyewaleta hapa. Bwana anakumbusha naye kwamba paa yule alinunuliwa kwa themuni tu. Kizee kinashuka na ujumbe huo, paa anausikia, anakituma tena. Kizee kinapanda, kinashuka, kinapanda tena, na kila safari jibu ni baridi kuliko lililotangulia. Mke anafanya awezavyo kwa siri, anapeleka maziwa na wali, lakini paa haombi chakula. Anaomba bwana wake ateremke amwone, na bwana hateremki. Paa anakufa, mzoga wake unatupwa kisimani, mji mzima unalia, na sultani baba mkwe anakuja mwenyewe kumtoa na kumzika kwa heshima. Usiku wa siku za maombolezo bwana yule anaota kwamba yuko jaani akipekua, na anapoamka, yuko jaani.

Nilipokuwa mtoto, kilichoniogopesha ni kule kuamka jaani. Sasa kinachoniogopesha ni zile ngazi. Nadhani msimulizi alijua alichokuwa akikifanya alipokipandisha na kukiteremsha kizee mara zote hizo, kwa sababu ukatili wa bwana yule ni mdogo sana kila mara, ni wa neno moja, ni wa mtu aliyechoka na anayetaka kuendelea na mambo yake. Hampigi paa wala hamfukuzi. Anamtumia uji. Ukimwuliza angesema amemhudumia. Kinachomhukumu ni kwamba kati yake na mgonjwa kuna ngazi za nyumba moja, na nyumba yenyewe ni ya paa.

Na lile neno la themuni. Mwaka 1870, kitabu cha Steere kilipotoka, soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi, nalo lilifungwa mwaka 1873. Mahali pale pale Mkunazini, Steere alisimamia ujenzi wa kanisa kuu ambalo limesimama hadi leo. Kizee cha kisa hiki chenyewe kilikuwa mtumwa wa nyoka. Katika mji ambamo mwanadamu alikuwa na bei, msikilizaji aliyesikia bwana akisema "nilimnunua kwa themuni" hakuwa akisikia habari ya mnyama peke yake. Sisemi kwamba msimulizi alikusudia kupinga utumwa, kwa kuwa hilo siwezi kulithibitisha na kisa chenyewe hakimlaumu mtu kwa kumiliki. Ninasema tu kwamba bei iliyotajwa mwanzoni kama bahati njema inarudi mwishoni kama tusi, na kwamba mtu akitaka kumpunguza aliyemfaa hukumbuka kwanza alimpata kwa kiasi gani.

Mimi nimelisema neno hilo. Miaka minne iliyopita dada aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumbani, ambaye ndiye aliyemlea binti yangu tangu akiwa na miezi mitatu, aliugua homa. Mke wangu alinipigia simu kazini akaniambia vipimo vitagharimu kiasi fulani, nami neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Hiyo si zaidi ya nusu ya mshahara wake wa mwezi?" Mke wangu alinyamaza. Dada alipelekwa hospitali, akatibiwa, akapona, na hadi leo hajui kwamba nilisema hivyo. Lakini najua mimi, na nilipokuwa namsomea mtoto habari ya kizee kinachoshuka ngazi na bakuli la uji nililazimika kusita kidogo, nikajifanya natafuta mstari. Wapo wengi katika maisha yetu ambao ni paa: shangazi aliyeuza vitumbua ili fulani alipiwe ada, kaka mkubwa aliyeacha shule ili mdogo asome, mwenyeji wa kwanza aliyekupokea mjini ukalala kwenye mkeka wake miezi sita. Tunawatumia fedha kwa simu kila wanapougua, tunaandika "pole sana" na tunaendelea na kikao. Wao, kama paa, wakati mwingine hawakuwa wameomba fedha.

Hakuna hotuba juu ya shukrani ambayo ingenifikisha hapo. Hotuba ingeniambia kwamba kutoshukuru ni kubaya, ningekubali, na nisingejiona humo. Kitabu cha watoto hakiniambii bwana yule ni mbaya. Kinaniambia alisema nini, kizee kikashuka, kikapanda tena, na kwa kuwa hakinipi hukumu, ninabaki nayo mwenyewe mikononi.

Kisa cha tatu nitakipitia kwa haraka, kwa sababu watu wengi wanakifahamu na funzo lake liko wazi zaidi. Kima na Papa wanafanya urafiki chini ya mkuyu ulioinamia bahari, Kima akimtupia Papa matunda siku zote, mpaka Papa anamwalika kwao. Katikati ya bahari Papa anamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba laiti angeambiwa mapema, kwani kima huiacha mioyo yao mitini wanaposafiri. Wanarudi, Kima anaruka mtini, na Papa anapomwita tena, anasimuliwa habari ya punda wa dobi: aliyedanganywa na Sungura kwenda kwa Simba, akaponea chupuchupu, akadanganywa tena akarudi, akauawa, na Sungura akaula moyo wake na masikio yake. Simba alipovidai, Sungura akamwambia kwamba mnyama yule hakuwa na moyo wala masikio, kwani angekuwa navyo asingerudi mara ya pili.

Walioingizwa kwenye michezo ya upatu iliyowalaza watu njaa Kenya na Tanzania katika miaka ya 2000, na wale ambao baada yake waliingia katika mingine ya aina hiyo kupitia simu zao, hawahitaji maelezo zaidi. Mimi hunivutia zaidi Papa kuliko punda. Papa angeweza kunyamaza mpaka wafike, na Kima angekwisha. Alisema ukweli katikati ya bahari, na sijui kama ni upumbavu au ni aibu ya kula matunda ya mtu kwa muda mrefu kiasi hicho. Mwanadamu anayemwambia rafiki yake ukweli akiwa ameshachelewa kidogo, lakini hajachelewa kabisa, namkuta mara nyingi maishani, na sijawahi kumkuta akichorwa vizuri hivyo katika vitabu vya watu wazima nilivyosoma.

Ili nisionekane kana kwamba sifa hii ni ya visa vya kale peke yake, nitaje kitabu kimoja kilichotoka mbali. Habari ya Alisi, aliyoiandika Mwingereza Lewis Carroll mwaka 1865, ilitafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 1940, na katika tafsiri ile mtoto yule aliitwa Elisi na akachorwa kama msichana wa Kiswahili. Mwaka 2015 ilitoka tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis, *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu*. Mwishoni mwa kitabu kuna kesi ya vitobosha vilivyoibwa, na Malkia anataka adhabu itolewe kwanza, uamuzi wa baraza ufuate baadaye. Wakubwa wote waliomo barazani wamekaa kimya. Anayesema kwamba huo ni upuuzi ni mtoto. Binti yangu hajasoma kitabu hicho, lakini usiku ule wa Goso alisimama mahali pale pale aliposimama Alisi, na sidhani kama ni sadfa. Mtoto bado hajazoea. Kwake utaratibu wa mambo haujawa utaratibu, ni tendo ambalo mtu analitenda mbele yake, na tendo lazima liwe na sababu.

Kuna pingamizi ambalo nimelisikia kwa rafiki yangu mmoja mwalimu, na ni la haki. Anasema vitabu vingi vya watoto vinavyouzwa kwetu havina kitu cha kumpa mtu mzima wala mtoto: mtoto mtiifu anapata zawadi, mkaidi anavunjika mguu, na ukurasa wa mwisho una maswali matano. Anasema pia kwamba visa vya kale ninavyovisifu vina mambo ambayo hatupaswi kuyakumbatia, kwa mfano binti wa sultani anayeozwa kwa mtu ambaye hajamwona, bila mtu yeyote kumwuliza kama anataka. Kwa hoja ya kwanza nakubaliana naye karibu yote. Kuanzia mwaka 1991, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanza Dar es Salaam, vitabu vya Kiswahili vya kusomwa kwa furaha nje ya kitabu cha kiada vimeongezeka, na vingine ni vizuri sana, lakini bado tunachapisha mahubiri mengi yenye picha. Kijitabu cha kumfundisha mtoto kunawa mikono kina kazi yake na nakiheshimu. Hata hivyo hakifanyi kazi ninayoizungumzia. Kipimo changu ni rahisi: kitabu cha watoto kikimwacha mzazi anayekisoma kwa sauti akiwa ametulia kabisa, huenda na mtoto naye hakijampa kitu.

Kwa hoja ya pili, sioni sababu ya kuvificha visa hivyo wala kuvisafisha. Mtoto akiuliza kwa nini binti wa sultani hakuulizwa, hilo ni swali la haki kama lile la Kusi, na mzazi aliyekaa pembeni yake atalazimika kulijibu kwa maisha anayoishi nyumbani kwake, kwa sababu mtoto anayaona. Kinachonisumbua ni kwamba wengi wetu hatupo pale swali linapoulizwa. Tunanunua kitabu, tunampa mtoto, tunachukua simu. Tunadhani kusoma ni kazi yake, kama kupiga mswaki. Ndiyo maana vitabu hivi vinatupita: havikuandikwa visomwe na mtu mmoja kimya kimya, viliandikwa kwa sauti ya msimulizi na masikio ya wengi, na nusu ya maana yake imo katika kukatizwa.

Usiku uliofuata binti yangu alileta kitabu kile kile na kutaka Goso tena. Safari hii alisema yeye ndiye atakuwa wanafunzi na mimi niwe wengine wote. Nililiangusha buyu, nikamzika mwalimu, nikafika kwa Kusi, nikanyamaza nikimsubiri. Hakupiga. Aliegemea mto, akaniuliza jina langu, akaniuliza jana jioni nilikuwa nikivuma upande gani, na nilipomweleza habari za kiambaza aliniambia niende, ila nikae karibu. Hivyo tulikwenda, kutoka kwa mmoja hadi mwingine, taratibu mno, kwa sababu alikuwa na maswali matatu au manne kwa kila mmoja, na ng'ombe peke yake alihojiwa robo saa. Hatukufika kwa Paa. Alisinzia tukiwa bado kwa inzi, mkono wake ukiwa juu ya ukurasa.